Kuria, Geuka!

Enzi zetu, kabla watoto hawajaanza kuzaliwa wakijua kufungua simu za mama zao, tulikuwa tunapigania zamu ya kwenda kusaga. Najua mtacheka. Niko kidato cha tatu na ninasema "enzi zetu" kama nyanya aliyebakisha meno mawili. Lakini nyinyi binamu zangu mliokulia pale Kamukuywa, na nyinyi mliokuwa mnaletwa likizo kutoka Kitale kama mimi, mnanielewa. Enzi zetu ziliisha mwaka huu, siku Kuka alipotuacha.

Kuka ndiye babu yetu. Alikuwa mwanajeshi, tena mkimbiaji wa jeshi, wa zile mbio ndefu ambazo watu wanaenda kunywa chai na kurudi wakute bado zinakimbiwa. Alipostaafu alifungua kisiagi cha posho mbele ya boma lake, karibu na soko, na familia nzima ikawa inakula hapo na kusomea hapo. Namkumbuka akiwa mweupe kwa unga, kope nyeupe, masikio meupe, lakini buti nyeusi tii. Sijui unga ulikuwa unaogopa nini miguuni mwake.

Injini ilikuwa inapiga kelele mpaka wateja walizoea kusengenyana kwa macho. Unga ulikuwa unatoka moto, na ukiingiza mkono kwa gunia ni kama umeuweka kwa blanketi ambalo mtu ameamka sasa hivi. Sisi tulikuwa tunalamba vidole na kukohoa. Kukhu, nyanya yetu, akituona anasema, "Kohoeni nje, huo ni ugali wa watu!"

Foleni ikiwa ndefu, Kuka alikuwa anatoka nje na kupanga watoto wote kwa mstari, wa wateja na wa nyumbani, kila mmoja na gorogoro, lile kopo la kupimia, limejaa mahindi kifuani. Tunakimbia mpaka kwa fundi wa baiskeli na kurudi. Ukimwaga, kuku wanakufuata na kila mtu anajua ni wewe. Kuka alikuwa anakimbia na sisi, na buti zake, huku akipiga kelele, "Mabega chini! Unakimbia ama umebeba paa la nyumba?" Wala hakuwahi kumwachia mtoto ashinde. Tukinung'unika anasema, "Siku utanipita, utajua umenipita kweli." Sikumpita hata siku moja. Siku hizi mtoto akishindwa kwa mchezo wa simu anaanza upya na hakuna kuku amemwona.

Sasa kuna hili neno. Kuka alikuwa mtu wa Bungoma mpaka kwenye ulimi. R na l kwake zilikuwa mapacha, ukiita mmoja anakuja mwingine. Mtoto akianguka na kuanza kulia, yeye alikuwa anasimama wima na kutoa amri ya gwaride: "Kuria... geuka!" Tunageuka upande wa kulia sote, hata asiyelia, na ukimaliza kugeuka umesahau ulikuwa unalilia nini. Mimi kwa miaka mingi niliamini jeshi lina amri ya watu wanaolia: anayelia ageuke, apanguse uso, arudi kazini.

Nilipoingia kidato cha kwanza pale Kitale, nilichaguliwa kuongoza gwaride la bweni letu kwa sababu ya urefu, si kwa sababu ya sauti. Mimi ni mtu wa aibu, hata kuomba chumvi mezani kunanipa jasho. Nikajikaza, nikapaza sauti: "Kuria... geuka!" Uwanja ukageuka, halafu ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu, Nekesa, likasahaulika. "Niaje Kuria?" "Kuria, leo tunakura nini?" Nilikuwa nikiitwa hivyo najifanya sijasikia, naangalia mbele kama mtu wa kupigwa picha.

Likizo nikamwambia Kuka sitawahi kuongoza kitu tena.

Akaniuliza, "Waligeuka ama hawakugeuka?"

"Waligeuka. Lakini walicheka, Kuka."

"Sasa wewe uliwaamuru wageuke ama wasicheke?" Akajicheka mwenyewe mpaka unga ukamtoka kwa kope. "Mimi afande alinifanya nirudie hiyo neno jioni nzima. Kesho yake kikosi chote kinasema kuria, na yeye pia!"

Nilicheka naye, lakini sikukubali. Nilirudi shule nikajifundisha bafuni, kulia, kulia, kulia, mpaka ulimi ukatii. Ila mdomo niliufunga.

Siku ya mazishi, wazee waliokuwa naye jeshini walikuja na medali kwenye makoti. Ikaamuliwa wajukuu tupeleke maua kaburini kwa mstari, vile alikuwa anatupanga. Baba mdogo akasema binamu Wafula ndiye aongoze, kwa sababu ana sauti ya kuuza mitumba. Kukhu akasema, "Hapana. Nekesa."

Nikamnong'oneza, "Kukhu, darasa letu limekuja na basi ya shule. Watanicheka."

"Si wacheke! Kuka yako mimi nilimcheka, na bado alinioa."

Nikatafuta ujanja. Nilitaka tusimame upande wa pili wa boma ili kaburi liwe kushoto kwetu. Kushoto halina l wala r, mtu yeyote wa Bungoma anaweza kulisema mbele ya rais. Lakini kule wapishi walikuwa wamejaza sufuria na moto, hakuna mahali pa mguu. Tukapangwa tukitazama kisiagi, kaburi likiwa kulia.

Nilisimama mbele yao. Nilikuwa na l yangu tayari kwa ulimi, safi, ya bafuni. Kisha nikawaangalia. Wote walikuwa wanalia, hata Wafula na sauti yake, mabega yamepanda mpaka masikioni. Na kwa huo mstari hakuna mtu aliyewahi kugeuka kwa l.

"Mabega chini!" nikasema. Yakashuka.

Nikavuta pumzi mpaka kwa buti. "Kuria... geuka!"

Darasa langu likacheka. Wale wazee wa medali wakacheka wakipiga mapaja, na Kukhu akacheka zaidi ya wote. Lakini mstari ulikuwa umegeuka, kitu kimoja, na kila mkono ulikuwa unapangusa uso. Tukampelekea maua yake.

Kisiagi bado kipo. Baba mdogo ameweka mota ya stima, haina kelele, na unga hautoki moto kama ule wetu. Watoto wakingoja wanainamia simu moja kama kuku kwenye pumba, hakuna anayekimbia mpaka kwa fundi wa baiskeli. Likizo hii nitawatoa nje na gorogoro zao. Sitawaachia washinde.

Shuleni bado wananiita Kuria. Siku hizi nageuka.