Upepo wa Mipira ya Mbele

Mwanangu, nimesikia umepata permi ya udereva na kwamba Jumatatu utaanza kuendesha gari la watu. Nimefurahi. Basi kaa kidogo nikueleze siku moja ya ujana wangu hapa hapa Kalemie. Nimesahau majina ya wengi niliosoma nao, lakini siku hiyo sijaisahau.

Ilikuwa wakati wa Zaire, miaka ile wafanyabiashara wageni waliponyang'anywa maduka na maduka yakagawiwa wananchi. Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki alipanda meli kwenda Kigoma, akaacha duka, bohari, kamyo mbili za mizigo, na gari dogo jekundu la mwendo wa kasi, lenye viti viwili tu. Vyote vikaingia mikononi mwa Patroni Ilunga, mtu wa Nyunzu. Mimi nilikuwa dereva wa kamyo yake. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Barabara ya Nyunzu nilikuwa nimeipita katika mvua na matope, nikaamini kwamba kitu chenye usukani hakiwezi kunificha siri. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Mimi niliona kuuliza ni aibu.

Gari lile lilikuwa la chini sana. Ukiketi ndani unaona magoti ya wapita njia. Mota yake, yaani injini, haikukaa mbele kama ya kamyo. Ilikuwa nyuma, mgongoni mwa viti. Mbele ukifungua unakuta nafasi ya sanduku moja tu. Patroni hakujua kuliendesha, kwa hiyo lilikaa bohari miezi mingi likila vumbi, mpaka aliponiita.

"Banza, mama yangu anafika kesho na treni. Tangu Mungu alinibariki, hajafika hapa. Utaenda kumupokea na ile motokari nyekundu. Mimi nitangoja nyumbani na wageni."

Asubuhi nikalipeleka kwa Papa Sumaili kwado. Hilo la kwado ndilo jina tunalompa fundi wa mipira ya magari. Kibanda chake kilikuwa kando ya avenyu, barabara kuu ya mji, si mbali na stesheni, na yeye ndiye aliyelihudumia gari lile tangu enzi za Mgiriki. Alikuwa mzee mwembamba, wa maneno machache. Alitoa kipimo kidogo mfukoni mwa shati, akatia nyuma kilo mbili za upepo, maana upepo nao tunaupima kwa kilo, na mbele kilo moja na robo. Nikatazama. Mipira ya mbele ilikuwa imebonyea kidogo chini.

"Papa, mbele imelegea. Ongeza."

"Hapana, mutoto yangu. Hii haiko kamyo. Uzito yote iko nyuma. Mbele iko mwepesi, inaomba upepo kidogo. Ukilinganisha zote ine, pua itageuka mbio, na nyuma itataka kupita mbele. Mugiriki mwenyewe alijifunza kwa kuumia."

"Ndiyo, Papa," nikamjibu.

Ilikuwa ndiyo ya mdomo tu. Njiani kurudi bohari nilikuwa nikicheka peke yangu. Kiti chenye miguu minne, nilijiambia, kinasimama vizuri miguu ikiwa sawa. Huyu mzee amechoka, au pompi yake imechoka. Nikachukua pompi ya kamyo, nikajaza mipira ya mbele mpaka kilo mbili na nusu. Ikasimama imara, inang'aa. Nikaizunguka mara mbili nikiitazama.

Na hapa usikilize vizuri, mwanangu, maana kosa halikuja na sura mbaya. Nilipolitoa tena barabarani, gari lilinipendeza zaidi kuliko asubuhi. Ulikuwa ukiugusa usukani kidogo tu, limekwisha kugeuka. Lilirukaruka kwenye mabaka ya lami, lakini nikasema huo ndio wepesi wa gari la kasi. Laiti lingekuwa zito au lingenivuta upande, pengine ningerudi kwa mzee.

Treni ilichelewa. Mama Ngoie, mama yake Patroni, alishuka na kikapu cha karanga na ndugu wa kumsindikiza. Ndugu na mizigo wakaenda na mkokoteni. Yeye akaingia garini kwa taabu, akaweka kikapu mapajani, akacheka. "Hii njo motokari ao njo mutumbwi?" Alikuwa na miaka sabini na kitu. Nikampenda papo hapo, na labda ndiyo sababu nilitaka kumwonyesha ustadi wangu.

Mvua ilikuwa imenyesha kidogo mchana. Tukapita avenyu, watu wakageuka kutazama, tukaanza kupanda kilima kuelekea nyumba za zamani za Wabelgiji, ambako Patroni alikaa.

"Polepole, mutoto," akasema.

"Usiogope, Mama. Miye niko dereva."

Kwenye kona ya pili mtu wa baiskeli, na magunia ya makaa nyuma yake, alikuwa katikati ya barabara. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikageuza usukani kama ningeugeuza wa kamyo. Pua ikakata palepale, na nyuma ikaruka ikatuzunguka. Nikaona ziwa, nikaona ukuta, nikaona ziwa tena. Tukaangukia mfereji, gari likalala ubavu upande wa Mama. Mwenye baiskeli hakuguswa. Karanga zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na Mama Ngoie alikuwa ameshika mkono wake wa kulia uliopinda mahali ambapo mkono haupindi.

Patroni alisikia kishindo, akaja akikimbia, wageni nyuma yake. Mama akabebwa kupelekwa hospitali. Kisha Patroni akanigeukia.

"Ulifanya nini, Banza?"

"Mipira, Patroni. Papa Sumaili njo alitia upepo asubuhi."

Maneno hayo, mwanangu, ukiyachukua moja moja, yalikuwa kweli yote. Ukiyaweka pamoja yalikuwa uongo, na niliyapanga mwenyewe. Jioni ile ile wafanyakazi wa Patroni wakaenda kwa mzee, wakachukua pompi yake na vyuma vyake vyote, wakamwambia asionekane tena pale.

Kesho yake Papa Sumaili alikuja bohari, ambako gari lilikuwa limevutwa. Hakunisalimu. Alichuchumaa penye gurudumu la mbele, akatoa kile kipimo cha mfukoni, akapima, akanionyesha. Kilo mbili na nusu.

"Mupira unaweza kupoteza upepo peke yake," akasema. "Kuongeza peke yake, hapana. Sijaona ile tangu nizaliwe."

Akarudisha kipimo mfukoni.

"Sitaenda kwa Patroni," akasema. "Weye unajua njia ya kwake." Akaenda zake.

Nikanyamaza siku tatu. Nilijiambia mzee atapata pompi nyingine, Patroni atapoa, mambo yatapita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa juu ya kichwa cha mwingine huoni uzito wake. Siku ya nne nilitumwa bandarini na kamyo kuchukua ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliotoka Mpala. Katika mstari wa wapakuzi nikamwona Papa Sumaili, gunia kichwani, shingo inatetemeka, anatafuta ubao kwa kidole cha mguu kabla ya kukanyaga. Aliniona. Akaendelea na gunia lake, akalitua, akarudi kuchukua jingine.

Niliacha kamyo pale pale. Nilimkuta Patroni sebuleni na mama yake, mkono umefungwa kwa vibao. Nikasema yote: kilo za asubuhi, pompi ya kamyo, kicheko changu njiani, na siku tatu za kunyamaza. Patroni akainuka ili anipige. Mama Ngoie akamzuia kwa mkono mzima.

"Acha. Miye njo niliumia." Kisha akanitazama. "Mukono utaunga, mutoto. Ile siku tatu za muzee, utaziunga na nini?"

Swali lile ninalibeba mpaka leo.

Mama akasema nibebe vyuma vya mzee kwa kichwa changu, kwa miguu, mchana, niseme mbele ya watu waliosikia akisingiziwa. Nikafanya hivyo. Nilipita avenyu na pompi kichwani na wauza samaki wananiuliza ninahama kwenda wapi. Mbele ya kibanda kitupu nikasema kosa langu kwa sauti, nikarudia kwa waliofika wamechelewa. Papa Sumaili, aliyeitwa kutoka bandarini, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weka pale. Shika kipimo."

Kamyo nilinyang'anywa. Nikafanya kazi kwake mwaka mzima na zaidi. Ndiye aliyenifundisha kwamba upepo hupimwa asubuhi kabla mpira haujapata moto. Kwamba mpira uliojaa mno hugusa barabara kwa sehemu ndogo, na uliolegea mno hupata joto na kupasuka. Kwamba gari zima linashikwa na ardhi kwa vipande vinne visivyozidi kiganja, na kila kipande kina mzigo wake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mara nyingine alinieleza jambo lile lile mara tano, bila kunikumbusha niliyoyatenda.

Mkono wa Mama Ngoie uliunga ukiwa umepinda. Hakuweza tena kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kila nilipomtembelea alinikaribisha vizuri, na kila mara macho yangu yaliuangalia mkono ule kwanza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Utakapopewa chombo usichokijua, usikipime kwa kile unachokijua; tafuta aliyekitunza kabla yako, umuulize, na ukimjibu ndiyo, iwe ndiyo ya mikono. Usikiamini kitu kwa sababu tu kinakupendeza siku ya kwanza. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajaanza kubeba gunia lako. Chuma kilichopinda kuna fundi wa kukinyoosha, lakini siku ulizomfanya mtu ateseke kwa kosa lako hazina fundi.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio yenye nguvu kuliko mguu wako, atangulie mbele yako katika kila kona, na kila utakayempakia umfikishe kwao akiwa mzima.