Kompyuta ya Kumrusha Dada

Siku aliyonyang'anywa leseni ya urubani, dada mtu hakulia. Alirudi nyumbani na mkoba wake wa kazi, akautundika nyuma ya mlango, akakaa mezani na kumwambia mdogo wake, "Haya, fundi. Sasa nitengenezee ndege."

Mdogo wake alikuwa fundi kompyuta. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ofisi, kimejaa nyaya na makasha yaliyotolewa matumbo, na watu walimwita Volti kwa sababu umeme ulikuwa umempiga mara nyingi na bado alikuwa mzima. Dada yake walimwita Kapteni. Alikuwa amerusha ndege ndogo ya injini moja karibu maisha yake yote ya kazi, akipeleka dawa, barua na wagonjwa kwenye viwanja vya nyasi visivyo na mnara wala taa. Hakuolewa. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea Volti na kumsomesha, na Volti alipooa, alimhamishia dada yake nyumbani kwake bila hata kumuuliza mkewe. Mkewe naye alishasafisha chumba.

Presha ya macho ndiyo iliyomshusha Kapteni. Daktari hakumficha. Matone yangechelewesha giza, yasingelizuia. Ndiyo maana alitaka mchezo wa kuigiza urubani, ule unaoonyesha dunia yote kama inavyoonekana kutoka juu, ili akitazame tena kiwanja kimoja cha bondeni alichokipenda kuliko vyote, chenye mto upande mmoja na kilima mbele yake.

Walikwenda pamoja kwa muuza vipuri, mtu mnene, mcheshi, ambaye kila alichokuwa nacho dukani kwake kilikuwa kizuri kuliko vyote.

"Chukueni prosesa hii, ndiyo ubongo wa mashine," aliwaambia. "Ina vichwa kumi na sita. Mnyama huyu!"

"Vichwa vyote hivyo vya nini?" Volti akasema. "Mchezo wa ndege mzigo wake mkubwa unabebwa na kichwa kimoja. Vingine vitakaa vikipiga soga. Nipe yenye vichwa vichache, ila kila kimoja kiwe na mbio, na kiwanda kisiwe kimeifunga kasi yake. Nataka kuipandisha mwenyewe."

"Yaani uiendeshe injini kupita alama nyekundu," Kapteni akadakia.

"Kidogo tu, dada."

"Rubani akifanya hivyo anafukuzwa kazi."

"Ndiyo maana mimi ni fundi."

Walicheka wote watatu. Kwenye memori Kapteni alikuwa na swali. Nafasi ziko nne, mbona mdogo wake ananunua vipande viwili? Volti akamweleza kwamba vinne hujaza macho tu, lakini ukipandisha kasi, bodi huhangaika kuvilisha vyote na mashine huzimika katikati ya safari. Viwili vikubwa, vilivyotoka kiwandani pamoja kama pacha, hutulia. Kapteni alichukua kimoja, akakisogeza hadi karibu na pua, akageuza kichwa upande mmoja kusoma maandishi. Volti alidhani ni ule umakini wake wa siku zote.

Shida ikawa bodi, lile bamba linaloshika vipande vyote na kuvigawia umeme. Iliyokuwepo dukani ilikuwa nyepesi. Ingeiwasha prosesa, lakini ukiiongezea kasi ingepata moto na kuirudisha chini. Iliyofaa ilibidi iagizwe.

"Tuchukue hii ya hapa," Volti akasema. "Leo hii hii unaruka. Picha zitakwama-kwama kidogo ukikaribia ardhi, halafu nzuri ikija nitabadilisha."

Kapteni alitikisa kichwa. "Ndege inayokwama-kwama ikikaribia ardhi siyo ndege, mdogo wangu. Agiza hiyo nzuri. Nimesubiri mawingu yaondoke maisha yangu yote, nitashindwa kusubiri bamba?"

Basi ikaagizwa. Mzigo ukachelewa. Kila asubuhi kwenye chai Kapteni aliuliza, "Bodi yangu imetua?" na Volti alijibu, "Bado iko angani." Ikawa utani wao. Ilipofika hatimaye, Volti aliifungua dukani akakuta vijisindano vya pale prosesa inapokalia vimepinda, vimelaliana kama nyasi zilizokanyagwa. Muuza vipuri aliomba radhi, akairudisha ilikotoka, na kungoja kukaanza upya.

Nyumbani mambo yalikuwa yakibadilika. Kapteni alijigonga kwenye stuli, akamsingizia wifi yake kwamba anahamisha vitu ovyo. Chai alianza kuitia sukari kwa kuingiza kidole ukingoni mwa kikombe. Mke wa Volti aliyaona haya, akamwambia mumewe, "Wifi yangu hasomi tena. Anafungua gazeti tu na kulifunga."

"Amechoka," Volti akasema. "Mashine ikiwa tayari utamwona."

Bodi ya pili ilikuja nzima. Volti alifunga duka, akaileta kazi nyumbani. Alipandisha kasi hatua kwa hatua, akiongeza umeme kidogo, akigusa feni, akitazama joto. Mashine ikazimika. Akapunguza mbio za memori, akajaribu tena. Ikazimika. Alipopata mahali pa kuituliza, mashine ilivuma saa nzima bila kutikisika, na juu ya skrini mawingu yalipita laini kama maziwa. Alitoka mbio akaenda kumshika dada yake mkono.

Ilikuwa alasiri, chumba kimejaa mwanga. Kapteni alikaa kwenye kiti, akapapasa usukani ambao Volti aliufunga mezani, miguu ikapata pedali chini yake. Injini ilipounguruma kwenye spika, uso wake ulirudia ujana. Alisikiliza, akatabasamu.

"Sauti yake ndiyo kabisa," alisema. "Basi washa skrini."

Skrini ilikuwa inawaka. Ilikuwa pana, mbele yake kabisa, na jua la mle ndani lilikuwa likimmulika mashavuni.

Ukimya wake ndio uliomjulisha dada.

"Inawaka, siyo?" Kapteni akauliza.

"Inawaka, dada."

"Sawa."

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia lilikwenda kabla ya bodi ile iliyopinda. La kushoto limekuwa likiaga polepole. Juzijuzi nilikuwa bado naliona dirisha."

"Mbona hukuniambia?" Volti alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. "Ningechukua ile bodi ya siku ile! Ungeruka siku ile ile!"

"Ndiyo maana. Ungeitengeneza huku unalia. Ulikuwa na furaha, mdogo wangu, unarudi nyumbani unanieleza habari za volti na joto kama mtoto aliyefaulu mtihani. Na mimi nilidhani nitawahi." Alipapasa usukani. "Nilijipa moyo kwamba nitawahi."

Kisha akapangusa uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo. "Haya. Nisomee. Mwinuko, kasi, dira. Twende bondeni."

Wakaruka. Volti alisoma namba, na mikono ya dada yake ilijibu kila namba kwa utulivu. Volti alikuwa hajawahi kupanda ndege ya dada yake hata siku moja. Alimwogopa Mungu na urefu, na kila alipoalikwa alipata udhuru. Sasa aliona alichokuwa akikiona dada yake.

"Mto uko kushoto?"

"Upo."

"Rangi gani?"

"Kama chai ya maziwa."

"Vizuri," Kapteni akasema, na sauti yake ililegea kwa raha. "Sasa tazama begani mwa kilima. Kuna nyumba moja ya bati, iko peke yake. Ikifika usawa wa bawa, ndipo ninapokata kona. Unaiona?"

Volti alitafuta. Kilima kilikuwa kitupu. Waliotengeneza mchezo hawakuijua nyumba hiyo. Alimtazama dada yake, macho yake wazi yakitazama mahali pasipo na kitu, na moyo wake ukashindwa kumnyima hata hilo.

"Naiona. Inang'aa."

"Iko usawa wa bawa?"

"Iko usawa," akasema.

Kapteni akakata kona. Kilima kikajaa skrini nzima, kishindo kikatoka kwenye spika, na injini ikanyamaza.

Feni tu ndizo zilizokuwa zikizunguka.

"Nyumba haikuwepo," Kapteni akasema.

"Haikuwepo. Nisamehe, dada."

"Mimi nimekufanya macho yangu." Hakupaza sauti. "Macho hayanionei huruma. Yakianza kunionea huruma, tunakufa wote."

Walijaribu tena siku zilizofuata, na Volti alisema kweli tupu, hata wakafanikiwa kutua. Magurudumu yaligusa nyasi bila kuruka, na mashine haikukwama hata mara moja. Kapteni aliachia usukani. Halafu akatoa miguu kwenye pedali.

"Asante. Umetengeneza kitu kizuri sana. Lakini huku siyo kuruka, ni kusomewa. Tuache."

Volti hakubishana. Mashine ilikaa chumbani ikiwa imefunikwa shuka, mpaka Kapteni mwenyewe alipoagiza ipelekwe dukani ikafanye kazi. Volti alirudisha kasi ya prosesa kuwa ya kiwandani, na sasa wateja huchapia juu yake barua za maombi ya kazi. Haipati joto kamwe.

Kapteni hushinda dukani pia. Wifi yake humleta asubuhi, na yeye hukaa kwenye benchi karibu na mlango, akiongea na wateja, akiwatania wale wanaochelewa kuja kuchukua mashine zao. Ndege ikipita juu ya jengo, yeye hainui kichwa. Volti ndiye hutoka nje kutazama, mkono juu ya paji la uso, hadi ipotee. Kisha hurudi ndani na kushika bisibisi, bila kumwambia ni ndege ya aina gani, kwa sababu dada hamwulizi.