Hawasemi Mupira Iko Wapi

Papa alichukia watangazaji wa mupira wa televizyo kuliko alivyochukia mbu. Kila Jumamosi tulitoa televizyo nje, tukaiweka juu ya kiti mulangoni, majirani wakakuja na viti vyao. Mechi ya Ulaya haijafika mbali, yeye iko anagombana na sauti. "Sikieni huyu! Iko ananielezea muchezaji alinunuliwa wapi, muke yake anaitwa nani, mbwa yake inakula nini. Alors, mupira iko wapi?" Wakati wa mapumziko, wale wazee wa suti wakianza kuchambua kule studioni, Papa aliinuka kwenda chooni na kupiga kelele mutaa yote isikie: "Ulimi haina mufupa!" Tulicheka mpaka machozi.

Mimi nilimupa haki kwa sehemu. Wale watu wanaongea sana. Mutu anapiga kona, wao wanabishana juu ya kocha atakayekuja. Na wachambuzi njo wabaya zaidi: goli ikiingia, wanajua juu ya nini imeingia; isingeingia, wangejua vilevile juu ya nini haikuingia. Papa alisema radio ya zamani ilikuwa na watu. Walikuambia mupira iko kushoto, umepita katikati, uko kwa gardien golini, na wewe uliona uwanja wote kwa sikio. Siku moja nilimujibu, "Papa, hii ni televizyo. Mupira unauona mwenyewe." Akanitukana vizuri.

Kazi yake ni nahodha. Anaendesha baleinière, ile boti ndefu ya mbao yenye moteur, kutoka hapa Kisangani kwenda Yanonge mpaka Basoko, na watu, mbuzi na magunia juu. Jumatatu moja alikuwa apeleke Basoko dada yangu mudogo na mutoto wake anayenyonya. Nusu ya majirani waliokaa na viti vyao kwetu walikuwa na nafasi kwenye safari ile ile.

Siku hizo Papa alikuwa ameanza kutangaza mechi mwenyewe, wee! Juu ya sauti ya Mufaransa alipandisha ya kwake, Swahili na Lingala pamoja, na majirani wakamupenda. Mama mumoja anayeuza kwanga, ule mukate wa muhogo, alisema sasa njo anaelewa mupira. Mara nyingi Papa alikosea: alisema shuti, kumbe ni mutu anarusha mupira kwa mikono tu. Tulifikiri anafanya muzaha. Goli hakukosa hata moja, maana goli ina makelele.

Jumamosi kabla ya safari, jua kali, courant ya umeme ilikuwa inacheza. Picha ikakatika, sauti ikabaki. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nikatuona sisi wote tumekaa. Nilikuwa niinuke kupiga televizyo kofi, kama kawaida, lakini Papa hakuacha kutangaza.

"Anapita kushoto, ule wa viatu vyekundu! Anaacha mutu, anaacha wa pili!"

Watu wakacheka. Tonton mumoja, baba wa jirani, akapiga makofi: "Muzee iko na vituko!" Papa akaendelea. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, macho wazi kabisa, na uso wake ulifuata kitu pale kwenye weusi, kushoto, kulia, kushoto. Kicheko kikapungua. Kikabaki cha mutu mumoja, halafu na ule akanyamaza.

"Mbona mumenyamaza?" Papa akauliza. "Hamuoni namna anacheza?"

Mama wa kwanga akasimama polepole, akashika kiti chake kisipige kelele, akaenda. Wengine wakamufuata vilevile, kwa ncha ya vidole, kama watu wanaotoka chumba cha mugonjwa. Papa aliendelea kuwatangazia mpaka mechi ikaisha.

Nikaenda mbio mutaa wa Simi-Simi, kwa mupimaji wake wa maji. Ni tonton anayesimama mbele ya boti na fimbo ndefu, anapima kina na kumuitia nahodha. Nilimukuta anakula pondu, mboga ya majani ya muhogo. Sikumusalimia hata.

"Tonton, Papa anaona?"

Akaweka sahani chini. "Ma fille, binti yangu, tangu maji kujaa mwaka jana haoni. Mimi njo namwambia: kisiwa, kulia, muchanga, mbele, muti umeanguka, kushoto. Amenizoeza. Hataki hadithi, anataka tu kitu gani na iko wapi. Donc, hatujagonga hata mara moja."

Alisema kwa fahari, Mungu wangu! Nilitaka kumupiga na ile fimbo yake. Nikamuuliza, "Na siku utapotewa na sauti?" Akaangalia pondu yake.

Dada yangu nilimukataza kusafiri. Papa sikuweza kumwambia. Jumapili yote kila nikifungua mudomo, yeye alikuwa anaongea juu ya Basoko, na samaki atakayoniletea, na namna mujukuu wake atalala vizuri juu ya maji.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Papa alikaa kwenye usukani na shati iliyopigwa pasi, moteur inanguruma polepole. Maboti ya jirani yalikuwa yanapakia, watu wanaitana, mbuzi wanalia, na yeye alifikiri ile fujo ni yetu. Kwetu hakukuwa na mutu, habari ilikuwa imezunguka bandari yote. Mabenchi yalikuwa matupu, yameloa umande. Mupimaji alisimama mbele na fimbo, anatazama miguu yake. Nikapanda.

"Karibuni wote," Papa aliambia mabenchi. "Mama wenye watoto, mukae katikati." Akasikiliza. "Leo boti iko nyepesi."

Mupimaji, ule anayemwambia kila kitu, akachovya fimbo yake ndani ya maji.

Papa akavua kofia, akaomba namna anavyoomba kila safari: Mungu atupeleke, Mungu aturudishe, mutu asibaki ndani ya maji. Akamaliza.

"Amina," tukasema. Sauti mbili tu, yangu na ya mupimaji.

Papa akabaki na kofia mukononi. Akageuza kichwa, sikio mbele.

"Dada yako iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Na wengine?"

"Hakuna mutu, Papa. Wote wanajua."

Akashika usukani kwa mikono miwili. Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi.

"Na wewe, unajua?"

"Najua."

"Sasa mbona umepanda?"

"Ungeondoka!" Nilikuwa ninalia kwa hasira, na maboti yote ya jirani yalinisikia. "Ungeondoka, Papa, na ungekufa peke yako!"

Papa akanyoosha mukono, akatafuta moteur, akaizima.