Onyo la Njano Katika Duka la Miwani

Duka la miwani waliachiwa na baba yao, dada na mdogo wake wa kiume. Dada alikaa mbele, akiwapima watu macho kwa ubao wa herufi. Mdogo wake alikaa nyuma ya pazia akisaga lenzi. Watu walimwita Nusu Saa, kwa kuwa kila ulipomuuliza miwani itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilohilo, hata kama lenzi yenyewe haijafika mjini. Hakuwa mwongo. Alikuwa na matumaini kupita kiasi.

Ni yeye aliyetengeneza programu ya kuhifadhi habari za wateja. Hakusomea, alijaribu, akakosea, akatukana, akajaribu tena. Uliandika jina la mteja, ikakuletea vipimo vya macho yake. Na kwa kuwa hakuweza kukaa bila utani, akaitilia makro, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe faili linapofunguliwa. Kila asubuhi kisanduku kiliruka katikati ya skrini na ujumbe mmoja kati ya nyingi. "Dada, nyoosha mgongo." "Dada, yule mteja wa jana alikuwa anasoma uso wako, si ubao." Chini yake kitufe kimoja tu: Sawa. Dada alibofya huku akisonya, na nyuma ya pazia mtu akacheka.

Kisha homa ya mapafu ikampata Nusu Saa. Aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akatoka amebebwa.

Dada alipofungua duka baada ya maziko, kompyuta ya zamani iligoma kuwaka. Akaitwa fundi wa kompyuta, mtu mpole asiyeijua familia ile, akahamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Alipofungua faili la wateja, utepe wa njano ukatokea juu ya skrini: onyo la usalama, baadhi ya maudhui yamezimwa.

"Hiki nini tena?" dada akauliza.

"Makro, dada. Virusi hupenda kujificha humo. Mashine haimjui aliyeziandika, sasa inauliza kama wewe unamwamini."

"Ile ya zamani haikuuliza."

"Ile aliyeziandika aliizoesha mwenyewe. Hii ni ngeni."

"Aliyeziandika ni mdogo wangu."

"Basi bofya 'Wezesha' tu, hakuna neno."

Akabofya. Kisanduku kikaruka: "Dada, nipo huku nyuma. Nusu saa tu."

Fundi akacheka, akageukia pazia ili amsalimie mtu. Alipomtazama dada tena, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Tumemzika," dada akasema.

Tangu hapo mashine haikuuliza tena. Ukiwezesha mara moja, inakumbuka. Kila asubuhi Nusu Saa aliingia bila kuitwa. "Dada, leo umewahi, kuna nini?" Dada akaanza kuchelewa kufungua. Nyuma ya pazia hakuwa ametia mguu tangu msiba, na lenzi alizipeleka kwa msagaji mwingine upande wa pili wa soko. Hata hivyo, aliposhika kalamu kuandika vipimo, masikio yake yalisikia jiwe la kusagia likizunguka. Alisimamisha kalamu asikilize. Kimya. Akiandika tena, lipo.

Siku moja, katikati ya kumpima mzee mmoja aliyeziba jicho kwa kiganja, dada akaitika kwa sauti: "Nakuja!"

Mzee akashusha mkono. "Nani amekuita, mwanangu?"

Dada akamwonyesha herufi inayofuata. Mzee alipoondoka, akampigia fundi simu. "Njoo umtoe."

Hakusema "uzitoe". Fundi naye hakumsahihisha. Alifika, akaeleza kwamba anaweza kufuta salamu zote na kazi ikaendelea. Lakini dada akashindwa kutoa idhini peke yake, akamleta mama yao. Mama hakujua kusoma. Akawekewa kiti mbele ya skrini, faili likafunguliwa, dada akamsomea: "Dada, usimwambie mama, lakini nimevunja fremu nyingine."

Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akaziba macho kwa pindo la mtandio. 

"Mtoto huyu! Hata kaburi halikumtuliza," akasema. "Msimfute. Ila asiingie hovyo. Hata aliyezaliwa kwenye nyumba hupiga hodi."

"Hilo linawezekana, mama," fundi akasema. Akaingia kwenye mipangilio, akaizuia mashine isilikumbuke faili. Sasa onyo lingetokea kila siku. "Usipowezesha, majina yote utayaona, ila utatafuta kwa mkono. Nikuangalizie salamu ambazo hujaziona zimebaki ngapi?"

"Hapana," dada akajibu upesi. "Usinihesabie."

Asubuhi nyingi aliuacha utepe wa njano juu ya skrini kutwa nzima, akatafuta wateja mmoja mmoja kwa kidole. Siku nyingine alibofya. Nyingi zilikuwa salamu za kale, amezichoka. Mpaka siku moja ya mvua, duka tupu, ikatokea ambayo hakuwahi kuiona: "Dada, nimetoka kidogo. Taa ya huku usiizime."

Alikaa na kidole juu ya kipanya. Kisha akabofya Sawa, akainuka, akalisogeza pazia. Vumbi la kioo lilikuwa limeganda kwenye beseni la maji yaliyokauka. Lenzi moja ilikuwa bado imebanwa kwenye mashine, upande umesagwa, upande haujasagwa. Hakuigusa. Aliwasha taa, akarudi mbele, akamaliza siku yake, akafunga.

Jirani, fundi cherehani, alimkimbilia kwenye baraza. "Dada! Umesahau taa nyuma."

"Najua," akasema, akafungua mwavuli, akaenda zake.