Nyumba ya Leso

Mimi hapa Voi hakuna chumba sijaingia wala chai sijaionja. Lakini jirani yangu, yule mama wa mahamri, huyo ananiweza. Mwenye ploti tunayopanga alimng'olea mlango ili ahame, maana anataka kujenga lojing ya wageni. Mama akatundika leso ya maua mekundu pale pale, akaendelea kukanda unga. Vidole vyake vinanukia iliki hata siku ya kufua, na sauti yake ni nyororo mpaka uguse ile leso bila kupiga hodi. Mimi mwenyewe, mtu mzima na kitambi changu, amenifukuza kwa mwiko mara nyingi, mpaka watoto wa ploti wamenibatiza Rudi Nje. Juzi mwenye ploti akaja amevimba, akaipiga leso kikumbo, akaingia. "Rudi nje, mwanangu," mama akasema, macho yakiwa kwenye karai la mafuta. "Hii ni nyumba ya watu." Haki ya Mungu, yule bwana alirudi! Akasimama juani, akakohoa, akapiga hodi kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa. "Karibu, baba. Vua viatu." Akavua. Akaketishwa mkekani, akapewa chai ya tangawizi na mahamri ya moto. Mimi nilikuwa dirishani nachungulia, sina haya. Alipokwisha kujilamba vidole ndipo akakumbuka kilichomleta.

"Sasa mama, unahama lini?"

"Nihame vipi, mwanangu," akamjibu, akimwongezea chai, "na mgeni yuko ndani?"