Kijiti cha Kupimia Lundo

Hadi leo mtu akiita mboji uchafu mbele yangu, hasira zinanipanda. Nimejaribu kuziacha, hazitaki kuniacha.

Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kazi kilipofungwa, tuliambiwa ndiyo soko huria, twende tukalime. Tukalime wapi? Nyumba yetu ilikuwa Igogo, juu mlimani kando ya ziwa, na mlima ule ni mawe. Kati ya jiwe na jiwe nilikuwa na uwazi wa hatua sita kwa nne, kokoto tupu. Mchicha niliopanda pale uliota wa njano, ukafika urefu wa kidole, ukakata tamaa. Mume wangu alikuwa akibahatisha vibarua, watoto walikuwa wanne, na kununua mboga kila siku kulikuwa kumetushinda. Nilihitaji udongo kabla ya mvua za vuli. Hilo tu.

Nikaanza kurundika uani: maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya mpapai, vyote nilivyofagia. Na kwa kuwa nilijiona mjanja, nikaongeza mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishakatwa na kupelekwa Ulaya. Nilikuwa nimesikia samaki ni chakula kizuri cha ardhi. Hakuna aliyeniambia anafukiwa. Nikayamwaga juu kabisa, nikanawa mikono, nikaenda kanisani. Niliporudi, korongo saba walikuwa wamesimama uani kwangu kama wazee wa kanisa kwenye kikao, na lundo lilikuwa limetapakaa hadi mlangoni kwa jirani.

Jirani akamwita bwana afya wa kata. Alikuja na shati lililonyooshwa kwa pasi na leso puani.

“Mama, huu ni uchafu. Nikirudi nisiukute hapa.”

Nikamuuliza yale maji mekundu ya kiwanda cha samaki, yanayoshuka na mfereji hadi ziwani, ameyaandikia barua lini. Akasema nisimfundishe kazi. Wenzetu wanachukua minofu, sisi tunaachiwa mifupa, na mifupa yenyewe ikinuka, mwenye kosa ni mimi!

Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu alishuka na meli kutoka Nansio, amekuja kutibiwa macho. Alinikuta nimeshika kiberiti. Nilikuwa naenda kulichoma lundo lote, nimalize kesi. Akanishika mkono.

“We mama, unachoma majani? Kwetu kisiwani mtu akichoma majani tunamuuliza kama anahama.”

Sikupenda kufundishwa, nakiri. Lakini alikaa kwenye kigoda akanielekeza, nami nikafanya huku nimenuna. Chini tukaweka vijiti vikavu ili hewa ipite. Juu yake maganda mabichi, halafu majani makavu mengi kuliko maganda, halafu samadi kidogo na udongo wa kawaida, kisha tunaanza upya. Mapanki tukayafukia katikati kabisa, mahali ambapo korongo hafiki. Maji alitaka ya kunyunyiza, siyo ya kumwaga. Tukafunika kwa majani ya migomba, na mwisho akachomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo.

“Kila siku ya tatu kichomoe, ukishike. Kikiwa cha moto, linaiva. Kikiwa kikavu, linyweshe. Kikinuka, umelibana, lipindue. Kikipoa bila kunuka, umepata udongo.”

Alikipapasa mwenyewe kila nilipokichomoa, maana macho yalikuwa hayamsaidii tena. Harufu ikaisha. Jirani akaanza kufungua dirisha lake. Hasira zangu hazikuisha, kwa sababu kila nikisikia viatu kwenye njia nilidhani ni bwana afya.

Akaja kweli, mawingu ya vuli yakiwa yameshatanda juu ya ziwa. Alikuja na vibarua wawili na mkokoteni.

“Shikamoo, mama,” alimwamkia mama mkwe.

“Marahaba, baba. Karibu.”

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake. Mama mkwe akaniinulia kidole. Akachomoa kijiti, kimepoa, akamsogezea yule bwana puani. Kisha akachimbua chini ya lundo, akatoa konzi ya udongo mweusi, laini, akamwekea kiganjani. Bwana afya aliunusa. Akakohoa. Akawatazama vibarua wake, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mke wake ana maua nyumbani, hayastawi.

Mama mkwe akamjazia mfuko mzima wa rambo. Udongo wangu! Nilioupindua kwa mikono yangu miezi miwili! Nilitamani kulia. Yule bwana alipoteremka mlimani, mfuko mkononi na mkokoteni mtupu nyuma yake, nikamgeukia mama mkwe.

“Mama, huyu si ndiye aliyetutukana?”

“Najua. Ndiyo maana nimempa. Sasa uchafu uko kwake pia.”

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Kabla ya Krismasi tulikula mchicha wetu, majani mapana, na watoto wakaomba waongezewe. Bwana afya hakurudi tena kwangu. Maji mekundu yaliendelea kushuka na mfereji hadi ziwani, na kule sijawahi kusikia amepeleka mkokoteni.