Pikipiki Inayomfaa Mzee

Tafadhalini, hili lisitoke hapa. Hata picha ya skrini msipige.

Leo bosi, ambaye ofisi nzima tunamwita Mzee, ameniambia nimlinganishie pikipiki tatu za safari ndefu, zenye injini ya wastani. Anataka ya kumtoa Embu hadi Meru.

Nikaandika: ya kwanza kiti chake kiko juu, inamfaa mtu mrefu anayepita barabara za vumbi kama za Kanja. Ya pili inamfaa anayebeba mke na mizigo. Ya tatu ni nyepesi, kiti kiko chini. "Hii inamfaa Mzee."

Akasoma, akavua miwani.

"Kijana, mimi ni mzee?"

"Hapana, Mzee."

Ofisi ikacheka. Mkataba wangu uko mezani kwake, haujasainiwa.

Sasa amechagua ya kwanza, na miguu yake haitafika chini. Nimwambie?

Nijibuni kwa ujumbe. Msipige simu, ameketi karibu nami.